Mabinti wanakua, matembezi yetu ya Jumamosi yanafifia. Nyie wenzangu mnafanyaje?

mama_watatu

Habari zenu jamani. Mimi huwa napita tu kusoma ila leo limenikaa kooni acha niliseme. Nina mabinti watatu, wa kwanza katimiza 13, wa kati 9, kitindamimba 6. Tangu huyu mkubwa yuko peke yake tuna kautaratibu ketu, Jumamosi saa moja na nusu asubuhi tunatoka. Sio matembezi ya gharama, siku ingine tunaenda tu sehemu yenye uwazi wakimbie mpaka wachoke, siku ingine maktaba, na mchezo wanaoupenda kuliko yote ni kupanda basi tukashuke kituo ambacho hatujawahi kushuka halafu turudi kwa miguu tukitafuta njia wenyewe bila kuangalia simu. Kuna siku tulipotea saa nzima, kitindamimba akajifanya kiongozi wa msafara, kila kona ananyoosha kidole "huku!" sisi nyuma kama kondoo, tukatokea palepale tulipoanzia. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye ukingo wa barabara. Picha za siku hiyo niliziweka stetasi watu wakaniulizia wiki nzima.

Sasa huu kama mwezi wa nne mambo yamegeuka. Mkubwa haamki. Nikimwamsha anajifunika shuka hadi kichwani "mama nyie nendeni tu". Akija, anatembea hatua kumi mbele yetu kama mtu aliyekutana na sisi njiani, eafoni masikioni, nikimwita anageuka nusu. Wa kati anaiga kila kitu cha dada yake hadi kubenua midomo, na tukipanda gari safari ikawa ndefu kidogo lazima atapike. Mdogo akishachoka anataka mgongoni, na miaka sita sio mitatu jamani kiuno changu ninakijua mwenyewe.

Na sio kwamba nyumbani hakuna raha, raha ipo tele. Juzi nataka kutoka naangalia mlangoni viatu vyangu sivioni, natafuta chini ya kitanda, nauliza, kumbe mkubwa kaondoka navyo. Jioni karudi, navitazama vimemkaa sawasawa wala havimpwayi. Nikacheka, halafu nikaingia chumbani nikafuta macho, sijui hata kwa nini.

Swali langu ni hili, niendelee kuwalazimisha tutoke wote wanne kama zamani, nimwache mkubwa abaki, au nigawe kila mmoja na siku yake? Nikigawa naogopa ule umoja wao utakatika, maana hawa wakiwa nje ndo wanapendana, ndani ni kugombania chaja tu.

mzee_wa_msimamo

Miaka 13 ni mtoto huyo. Familia ikitoka inatoka yote, habari ya "nyie nendeni tu" inatoka wapi? Ukimruhusu leo, kesho wa kati, kesho kutwa utakuwa unatembea na kitindamimba peke yako. Mimi wangu walikuwa wananuna, wakifika wanasahau walinuna. Mnawadekeza halafu mnakuja kulia.

shangazi_mkubwa

Mwanangu mama_watatu pole na hongera, maana hizo zote ni dalili kwamba mtoto anakua salama. Mimi ninao wanne, wote wasichana, wote sasa ni watu wazima wana nyumba zao. Wa pili alipofika umri huo alikuwa ananionea haya hata nikitaja jina lake barabarani, nikimwita anajibu bila kugeuza shingo. Nililia kama wewe. Leo ndiye anayenipigia simu kuliko wenzake wote, anaongea mpaka sikio linauma.

Nikupe siri moja tu, acha kuita "matembezi". Ukimwambia mtoto wa miaka 13 twende tukatembee yeye anasikia twende kwenye kikao. Sema "nisindikize mara moja". Nisindikize nikachukue kitu kwa fundi, nisindikize nikarudishe kitabu, basi. Kusindikiza hakuna ratiba, hakuna kufurahi kwa lazima, na yeye anajiona ndiye anayekusaidia wewe.

Huyo wangu niliyekwambia, siku aliyonifungulia moyo wake tulikuwa tunatoka kununua vitu vya nyumbani, mfuko mzito una mishikio miwili, mimi nimeshika mmoja yeye mmoja, mfuko unaning'inia katikati. Anaanza, "mama kuna kitu", anakaa kimya. Tunatembea. Mfuko unakata vidole, tunauweka chini, tunabadilishana upande. Anaanza tena "kuna kitu lakini usikasirike", kimya. Tulibadilishana pande labda mara tano ndipo likatoka. Na mimi nilikuwa naangalia mbele tu, sikumtazama usoni hata kidogo, maana mkikaa mmetazamana huyo mtoto hasemi ng'o, ila mkitembea bega kwa bega wote macho mbele anasema. Wala halikuwa jambo kubwa, rafiki yake alikuwa amehamia kundi lingine akamwacha. Kwake lilikuwa kubwa.

Mzee wa msimamo naye nampa nusu. Mwekeeni siku moja kwa mwezi ambayo hakuna wa kukwepa, hata kwa kununa. Zingine legeza kamba.

nesi_wa_zamu

Hapa acha niingie kidogo maana ndo kazi yangu, ingawa sijamuona mtoto kwa hiyo nasema ya jumla tu.

Saa moja na nusu asubuhi Jumamosi! Dada yangu huyo hakukatai wewe, anakataa saa. Mtoto akiingia balehe ile homoni ya usingizi inaanza kutoka kwa kuchelewa usiku, kwa hiyo hata ukimlaza saa tatu atageuka geuka tu kitandani macho makavu, na asubuhi mwili wake bado uko usiku wa manane. Wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji kulala masaa 8 mpaka 10. Wadogo zake wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji zaidi, 9 mpaka 12, ila hao wanalala mapema na jogoo la kwanza wameshaamka wanaruka kwenye kochi, ndo maana unaona kama yeye peke yake mvivu. Wiki nzima anaamshwa kwa ajili ya shule, Jumamosi ndo anajaribu kulipa deni. Hamisha safari iwe saa kumi jioni uone kama hatatoka, na jua lenyewe limeshapoa.

Hiyo ya viatu nimecheka. Nyayo na viganja ndo vinatangulia kukua, halafu mikono na miguu, kiwiliwili kinafuata nyuma, ndo maana unamuona anagonga meza na kumwaga maji, mwili umebadilika vipimo yeye bado anatumia ramani ya zamani. Kwa wasichana wengi dalili ya kwanza ni matiti kuanza, popote kati ya miaka 8 na 13, na hedhi inafuata kama miaka miwili au miwili na nusu baadaye. Kwa hiyo mama usiangalie mkubwa tu, wa kati ana 9, na yeye anaweza kuwa anaanza. Weka kifuko kidogo kwenye mkoba mnaotoka nao, pedi mbili na chupi moja ya akiba, muonyeshe kilipo, hata kama bado. Siku ikimkuta mko mbali na nyumbani hamtahangaika, na kile kifuko chenyewe kitakuwa kimeanzisha mazungumzo bila wewe kutafuta pa kuanzia.

Wa kati kutapika: sikio la ndani linasema tunakwenda, macho yameganda kwenye simu au kitabu yanasema tumetulia, ubongo unachanganyikiwa. Kuanzia miaka 2 hadi 12 ndo wanaosumbuliwa zaidi. Akae siti ya nyuma katikati afunge mkanda, aweze kuona barabara mbele kupitia kioo kikubwa, simu apokonywe, dirisha liachwe wazi kidogo. Wengi wakikua inapungua yenyewe.

Na msiache kutoka jamani. Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuchangamsha mwili, na mwanga wa mchana wa nje unapunguza uwezekano wa mtoto kuanza kushindwa kuona vitu vya mbali. Kupotea kwenu kule kulikuwa dawa.

baba_mlezi

Naomba na mie baba niingie, nalea mabinti wawili peke yangu, 11 na 8. Mwanzo nilikuwa nadhani mabinti wanataka kupelekwa sehemu zenye mambo mengi, nikawa najichosha. Siku moja tumetoka kwenda sehemu ya michezo tukakuta imefungwa, tukakaa nje kwenye ukuta tunasubiri usafiri, jua linazama upande huu, tukageuka upande wa pili mwezi mzima unachomoza mkubwa mwekundu. Yule mdogo alisimama juu ya ukuta mdomo wazi. Hadi leo ukimuuliza siku nzuri anakutajia hiyo, sehemu yenyewe ya michezo hata haikumbuki.

Tangu hapo tunaufuatilia. Mwezi ukiwa mpevu unachomoza karibu sawa na jua linapozama, kesho yake unachelewa, kwa wastani kama dakika 50 hivi, kesho kutwa unachelewa tena. Wangu wameweka daftari, wanabishana dakika. Mdogo alikuwa na swali lake, "baba mbona mwezi unatufuata sisi tu?" Nikamwambia tembea, ule mti wa karibu hatua mbili umeshaupita, kile kilima cha kule mbali unaenda nacho muda mrefu, sasa mwezi uko wastani wa kilomita 384,000, utembee usiku kucha kwako wewe haujasogea. Akafikiri weee, akasema "kwa hiyo na yule mtoto wa kule ng'ambo anaona unamfuata yeye?" Nikasema ndio. Akakasirika! Alitaka uwe wake.

Kingine cha bure, fremu ya mlango. Tunapima urefu kwa penseli kila mwezi na wanapenda kuliko zawadi. Ila kuna siku walipigana kabisa, yule mdogo kajipima asubuhi katoka kitandani akajikuta kaongezeka sana, jioni nikampima kwa ushahidi kapungua! Akalia nimemuibia. Ikabidi nitafute, kumbe binadamu asubuhi ni mrefu kuliko jioni, kama sentimita moja hivi, zile pingili za mgongo kati yake kuna vitu laini vinabonyea kutwa nzima ukiwa umesimama, ukilala vinajaa tena. Sasa ni sheria ya nyumba, vipimo vyote ni asubuhi kabla ya kupiga mswaki.

Kuhusu kugawa siku, mimi nagawa nusu tu. Tunatoka wote ila kurudi kila mmoja anapata zamu ya kutembea na mimi mbele. Yule mwingine anabaki nyuma kidogo. Wiki ijayo zamu inageuka. Wanalinda zamu zao kama ardhi ya urithi.

mimi_wa_kati

Da mama_watatu mimi sina mtoto, ni mtoto wa kati tu niliyekua, nina 22. Mmemjadili mkubwa mmemaliza, mdogo kabebwa mgongoni, wa kati kapata nini? Kutapika 😂 Ndo maisha yetu hayo. Kuiga kwake midomo ya dada yake sio utundu, anajaribu kupata nafasi kwenye meza. Mpe kitu kiwe chake peke yake, mfano kituo cha basi cha kushuka achague yeye, asiulizwe mkubwa asiulizwe mdogo. Mimi mama alikuwa ananipa kushika funguo. Funguo tu! Nilikuwa natembea kama askari.

Ila kuna kitu nataka nikuulize na usinichukie. Umesema picha ziliingia stetasi. Huyo mkubwa huwa unamuuliza kabla ya kuziweka? Maana mimi nikiwa na huo umri mama yangu alikuwa hatutoki bila picha, "jipangeni", "cheka", halafu jioni shangazi zangu wote na mama za wenzangu wa darasani wameshaziona. Kuna moja nimefumba jicho moja mdomo wazi natafuna, Jumatatu shuleni nikaitwa jina la ajabu muhula mzima. Sikumwambia mama sababu, nilianza tu kutembea mbali. Kadiri alivyokuwa anakaribia na simu ndivyo nilivyokuwa naongeza hatua. Yeye hadi leo anasema "ulikuwa umri wa kiburi". Haukuwa umri, ilikuwa kamera.

Sisemi ndo hivyo kwako. Muulize tu, tena mkiwa mmeshika ule mfuko wa shangazi mkubwa.

mama_watatu

Dada wa 22 umenikalisha. Nimerudi kwenye simu nikahesabu, miezi hiyo minne kila Jumamosi nimeweka picha, na zake nyingi ni kisogo. Mimi nikaona kisogo ni nidhamu mbovu, kumbe nipo na ushahidi mkononi sisomi. Nitarudi.

mzee_wa_msimamo

Hilo la picha sikuwa nimelifikiria. Na mimi huwa naweka. Haya.

mama_watatu

Jamani nimerudi, wiki tatu zimepita nisamehewe, nyumba yangu mnaijua.

Nilifanya la shangazi, nikamwambia mkubwa "nisindikize nikachukue miwani yangu kwa fundi". Akaja. Sio kwa furaha lakini akaja, na eafoni moja sikioni moja inaning'inia, nikajiambia nusu sikio ni langu. Kwenda tuliongelea hewa. Kurudi nikamuuliza huku natazama barabara, hivi zile picha ninazoweka huwa zinakukera? Akanyamaza hatua nyingi sana, nikajua nimeharibu. Halafu akasema "ile ya basi". Ile ya basi! Alikuwa amelala kaegemea dirisha mate yanamtoka kidogo, mimi niliona anapendeza kama alipokuwa mchanga, nikaandika "kichanga changu" na vimoyo. Mama wa mwenzake akaiona, mwenzake akaichukua, darasa zima wakamwita kichanga. Miezi minne mtoto anabeba hilo na mimi nagonga mlango wa chumba chake Jumamosi nasema amka tukafurahi.

Nimemuomba msamaha palepale barabarani. Sijawahi kumuomba mtoto msamaha kwa namna ile, sauti iligoma. Akasema "sio lazima ulie mama watu wanatuangalia" na akasogea hatua mbili mbele, lakini mbili sio kumi. Tulipofika nyumbani tulikaa tukafuta pamoja, yeye ndiye mwenye kidole. Sheria sasa ni kwamba simu ya matembezi anashika yeye, picha zinabaki kwetu, anayetaka yake itoke aseme mwenyewe. Na kusema kweli anapiga vizuri kuliko mimi, zile zangu zote nilikuwa nakata miguu.

Saa tumehamisha, sasa ni kumi jioni. Anaamka mwenyewe saa nne anakuja jikoni ana uso wa binadamu. Nesi ubarikiwe, na kifuko kipo kwenye mkoba, wa kati ndiye aliyeuliza "hiki cha nini", nikaeleza, mkubwa akaongezea mambo ambayo mimi sikujua kama anayajua, nikanyamaza nikasikiliza.

Wa kati sasa ni waziri wa vituo. Jumamosi iliyopita katushusha mahali hakuna chochote, barabara tu na ukuta mrefu, tumetembea ule ukuta kama nusu saa na alikuwa amenyoosha kifua kama kagundua bara. Hakutapika, alikaa katikati anaangalia mbele. Mdogo alipoanza "mama mgongo", mkubwa bila kuambiwa akainama akambeba mpaka kona, wakawa wanaongea huko mbele sijui nini, wanacheka. Mimi nikabaki nyuma na wa kati ananipigia hesabu ya vituo vyote vilivyobaki. Sasa hao hatua kumi mbele walikuwa wawili na sikuona ubaya wowote.

Baba mlezi, mwezi tumeusubiri pia, mawingu yakaufunika, tumeona nyekundu kidogo tu. Kitindamimba kasema umetukimbia. Tutarudia. Na fremu ya mlango tumeanza, jana tumepima wote wanne, mkubwa kanipita kwa nusu sentimita! Nyumba nzima ilipiga kelele, amezunguka jirani kote kutangaza.

baba_mlezi

Hongereni sana. Ila subiri kwanza, mlipima asubuhi au jioni?

mama_watatu

Yeye asubuhi katoka kitandani. Mimi jioni nimerudi kazini, kutwa nzima nimesimama. Nimewaambia matokeo nayapinga, kesho asubuhi tunarudia, na leo nalala saa mbili.